Kutoka Jangwani mpaka Jambiani, na deni la picha 11

Najua nimewatupa. Mara ya mwisho nilikuwa nalia na UE, nikawaahidi kwamba nikimaliza salama nitawasimulia likizo yangu ya Unguja, halafu kimyaaa. Kwanza mjue sikudisko, Mungu mkubwa. Pili, nilikuwa na deni la watu, na nilijiapiza kwamba sitasimulia neno la safari ile mpaka nimelilipa. Wiki iliyopita nimelilipa. Kwa hiyo vuta kiti, stori ni ndefu.

Safari ilianzia kwenye kimbweta pale Mlimani, tukijisomea na rumeti wangu. Jamaa ni mtu wa Jambiani, kusini mashariki ya Unguja. Na mnanijua mimi na kamera yangu: Canon 1100D ya mtumba, niliyoinunua kwa boom la mihula miwili kutoka kwa finalisti mmoja aliyekuwa anafungasha vitu vyake hosteli. Ni toleo la mwaka 2011, megapikseli 12, simu za siku hizi zinaicheka. Lakini inapiga. Nimeshapiga nayo kila kitu cha kwetu Jangwani mpaka mtaa umenichoka: wabeba mizigo wa Kariakoo, mwendokasi likipita bondeni, wazee wa bao jirani na klabu ya Yanga. Sasa nikawa nataka bahari. Nikamwambia rumeti, likizo hii nakuja kwenu, nataka kuwapiga akina mama wa mwani.

Akaniuliza, "Unakuja lini?"

Nikamwambia tarehe yoyote, mimi niko huru.

Akacheka. "Mtu wa bara wewe. Bahari haina tarehe yoyote."

Basi bwana, nikapigwa lekcha ya bure. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndiyo bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti inaweza kufika mita nne hivi, na kule kwao bahari inarudi nyuma mpaka watu waliokwenda nayo unawaona kama sisimizi. Katikati ya hapo ni maji mafu, bahari inasogea kidogo tu. Wakulima wa mwani wanafanya kazi wakati wa bamvua kwa sababu ndipo mashamba yanapofikika kwa miguu. "Ukija maji mafu utapiga ngalawa na minazi kama watalii, urudi kwenu," akasema. Halafu akaongeza kwamba kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, na siku za bamvua kupwa kwa mchana kunaangukia mnamo saa nne asubuhi.

Hapo nikashtuka. Sisi wa kamera tunapenda mwanga wa alfajiri na wa jioni, ule laini. Saa nne jua limeshapanda, linauma, na maji yanang'aa kama bati jipya. Nikamwambia hiyo saa mbaya kwa picha. Akasema, "Basi waambie mwezi na bahari wabadilishe ratiba," akarudi kwenye kitabu chake.

Maandalizi nikayafanya Kariakoo, si ndiyo kwetu. Kisiwani kamera ina maadui watatu: chumvi, mchanga na unyevu. Mfuko wa kamera wa maana ulikuwa na bei ya kukata pumzi, nikaenda kwa bibi kuomba kopo lake kubwa la aiskrimu, lile ambalo tangu nizaliwe sijawahi kuona aiskrimu ndani yake, ni dagaa tu. Nikalisugua kwa limau siku mbili. Halafu nikapita maduka ya viatu Mtaa wa Congo kuomba vile vipakiti vyeupe vidogo vinavyokaa ndani ya maboksi ya viatu kunyonya unyevu. Wauzaji walidhani nimechanganyikiwa. Mmoja akaniuliza kwa huruma kabisa, "Mdogo wangu, unajua hivyo haviliwi?" Nikatoka na vipakiti kama 30. Mfuko wa plastiki wa kuifunika kamera nao ni tabu kuupata tangu ilipopigwa marufuku Juni 2019, nikachukua kofia ya kuogea ya shangazi. Usicheke. Inaikaa kamera kama imeshonewa, lenzi unaiachia ichungulie mbele. Jaribu uone.

Mwisho nikanunua memori kadi. GB 64, kwa bei ambayo ilitakiwa kunishtua, ila nikajiona mjanja. Duka silitaji. Kumbukeni tu hiyo kadi.

Usiku wa kuamkia safari bibi akaniita. Akasema, "Ukipiga hizo picha, uzisafishe. Usiziache humo humo kwenye mashine." Nikamwambia bibi siku hizi picha hazisafishwi, zinakaa kwenye kompyuta. Akaniangalia tu. Kwa wasiojua, kwa bibi kulikuwa chini kabisa bondeni wakati wa mafuriko ya Desemba 2011, yale yaliyoua watu zaidi ya 40 hapa Dar. Mimi nilikuwa mtoto, nakumbuka kubebwa mabegani na maji ya kahawia mlangoni. Vitu vingi tulinunua tena. Albamu ya picha haikununulika. Ya babu ilibaki moja, na nusu ya uso imeondoka na maji. Sasa mtu kama huyo akikwambia usafishe picha, unaitikia.

Ilikuwa Agosti, kusi limekaza. Nikapanda mwendokasi mpaka Posta ya Zamani, nikatembea hadi boti ya asubuhi. Saa mbili za njiani sitazisimulia sana. Kusi likivuma bahari ya kati ya Dar na Unguja inapandisha, na chai ya shangazi haikufika Zanzibar. Jirani yangu, mama mtu mzima, alinipa limau ninuse, akawa ananipangusa jasho kama mwanawe. Mungu ambariki popote alipo.

Rumeti alikuwa ametangulia kwao, mimi nikafikia kwa mjomba wake pale Michenzani, nikiwa na siku moja ya mjini. Nikazunguka Mji Mkongwe na kofia ya shangazi kichwani mwa kamera. Nikasimama mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020. Nikaingia Capital Art Studio, Barabara ya Kenyatta, ambayo Ranchhod Oza aliifungua mwaka 1930. Kwa mtu wa kamera pale ni kama hija. Kuta zimejaa picha nyeusi na nyeupe: masultani, harusi, mitaa, majahazi, mji ule ule niliotoka kuupita nje, ila wa miaka hiyo. Nilikaa humo mpaka nikaona aibu.

Kitu kimoja kikanikaa kichwani. Kabla hata ya studio hiyo Zanzibar ilikuwa na wapiga picha, akina Gomes na ndugu wa Coutinho, na kadi za posta za zama zile zinajulikana duniani. Zile za watu wa kawaida, maandishi ya chini mara nyingi yanakwambia tu "mwanamke wa Kiswahili", "mchukuzi", basi. Masultani wote tunawajua majina. Nikaliwaza kidogo, nikatoka, nikanunua juisi ya miwa, nikasahau.

Jioni nikaenda Forodhani. Jamani! Mji Mkongwe unatazama magharibi, jua linazama baharini mbele yako, na vijana wa makachu wanakimbia na kujirusha kutoka ukutani, mmoja anapinda, mwingine anajikunja kama ndimu. Kazi yako ni kuinama chini, kuweka spidi ya shata juu, kuliacha jua nyuma yao ili watoke weusi kama kivuli. Nilipiga picha mia tatu na ushee. Nikala urojo na mishikaki nikijiona ndiyo mpiga picha wa taifa.

Usiku kwa mjomba nikafungua kuziangalia. Za mwanzo ziko safi. Kufika za jioni, picha moja nusu ni ya kijivu, inayofuata haifunguki, inayofuata haifunguki, mpaka mwisho. Kadi iliyoandikwa GB 64 ilikuwa na nane tu tumboni, zilizozidi hapo zote zilikuwa zinaandikwa hewani. Makachu wote wamekwenda. Nililala kifudifudi bila kusema na mtu.

Kwenye kopo nilikuwa na kadi ndogo ya GB 4 iliyokuja na kamera. Kwa ubora ninaopigia mimi zinaingia picha kama 200, basi. Siku nne za Jambiani, picha 200. Mtu niliyezoea kupiga bao moja mara 40!

Asubuhi nikaenda kupanda daladala, na kituo chenyewe kinaitwa Kijangwani. Nimetoka Jangwani, napandia Kijangwani, nikacheka peke yangu mpaka konda akaniuliza kulikoni. Daladala la 309, unakaa kwenye mabenchi ubavuni, katikati magunia, ndoo na kuku wawili. Ukishafika, bahari ya upande ule hutaamini. Mchanga mweupe kama unga wa sembe, na kusi linaupeperusha usawa wa magoti. Upande huu unatazama mashariki, kwa hiyo jua linachomoza baharini mnamo saa kumi na mbili na nusu. Alfajiri ya kwanza nilikaa ufukweni na rumeti, ngalawa zimelala, mwanga wa rangi ya embe. Nikapiga picha sita tu. Moja katika hizo ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na hata sikuhangaika.

Saa mbili na nusu maji yakawa yanaondoka, akina mama wakaanza kushuka. Tukawafuata, kama nusu saa kwenye maji ya vifundoni, ukiangalia sana usikanyage wale wa miiba, urchini, sisi tunaita sijui nini, mwenyeji anasema "vua viatu uone". Mashamba yenyewe ni vijiti vimechomekwa mchangani, kamba zimefungwa kati yake, na kwenye kamba vishada vya mwani. Kilimo hiki kilianza kibiashara Unguja mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino, na wakulima wengi ni wanawake. Unapanda, baada ya wiki kama sita unavuna, unaanika, unauza kwa kilo. Kiwandani unatolewa ute unaoingia kwenye dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi. Aina yenye bei nzuri, kotonii, haivumilii maji ya moto, na maji yalivyozidi joto imekuwa ikifa, kwa hiyo wengi wamebaki na spinosamu ambayo bei yake ni ya chini. Haya yote niliambiwa na mama mmoja, lakini baadaye. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa jingine.

Nilikuwa nimeinua kamera, ameinama, khanga nyekundu, maji ya kijani, fremu ya haja. Akasema bila kuinuka, "Iweke chini hiyo kwanza."

Nikaiweka. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

Rumeti akajibu haraka, "Mama mdogo, huyu mwenzangu wa chuoni, anatoka Dar."

Akanyooka, akashika kiuno. "Kila bamvua mnakuja. Mnapiga, mnaondoka. Mie nimo baharini humu tangu huyu binti yangu mkubwa yumo tumboni, nimepigwa picha sijui ngapi. Ndani mwangu hata moja haimo. Kuna mtu kanambia kaniona nimetundikwa ukutani hotelini huko, nimeinama. Uso hauonekani, lakini khanga yangu anaijua."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Mimi nikakumbuka zile kadi za posta, nikaona aibu imenipanda mpaka masikioni. Nikamwambia, "Mama, mimi nitakuletea."

"Wote husema," akajibu, akarudi kwenye kamba yake. Halafu akanionyesha kiroba. "Kama una nguvu, beba hicho."

Wadau, mwani mbichi ni maji matupu. Nilibeba viroba viwili tu kutoka shambani hadi pwani na mabega yalikuwa yanaongea Kichina. Siku hiyo kamera ilishinda kwenye kopo la bibi.

Usiku rumeti akaniambia maneno ambayo sikuyategemea. "Ulimwahidi mama mdogo. Kama hutaleta ungenyamaza tu. Wewe unarudi Dar. Mimi ndiye ninayebaki na hawa watu, na mama yangu yumo humo humo majini." Hakuwa amekasirika. Alisema kawaida tu, na hiyo ndiyo iliniuma.

Kesho yake nikashuka na kamera na daftari. Nikawasalimia wote, nikauliza nani anataka picha yake, ya kwake yeye, akae anavyotaka. Walikuwa 13. Wawili wakakataa, na mtu akikataa yameisha, sikuwabembeleza. Waliobaki 11 walibishana nani aanze, wakaanza kufunga khanga upya, mmoja akarudi nyuma kwa nusu saa nzima kufuata mtandio wake mzuri! Hakuna hata mmoja aliyetaka kupigwa ameinama. Walisimama wima, mikono ubavuni, wanatazama kamera moja kwa moja kama picha ya pasipoti. Mimi na mapozi yangu ya kisanii nikanyamaza, nikapiga.

Sasa ufundi kidogo kwa wenzangu wa kamera. Mchanga mweupe na maji yanayong'aa vinaidanganya kamera. Inaona mwanga mwingi, inapunguza, uso wa mtu mweusi mwenzetu unatoka kama mkaa. Lazima uongeze mwanga mwenyewe, mimi niliongeza stopu moja na zaidi kidogo, anga ikipauka na ipauke, hukumpiga anga. Halafu nikagundua ile saa nne niliyoitukana ina wema wake: mchanga unarudisha mwanga kutoka chini, unaingia mpaka chini ya mtandio, macho yanaonekana. Kila mtu nilimpiga mara tatu, na kila namba nikaandika jina lake daftarini kama alivyonitajia. Mama mdogo alikuwa wa mwisho. Alisimama na kisu cha kukatia kamba mkononi, akakataa kukiweka chini. "Ndiyo kazi yangu," akasema.

Siku mbili zilizobaki nilikula bata, nisiwadanganye. Kuogelea maji yakijaa saa kumi jioni, pweza wa nazi kwa mama yake rumeti, kulala mchana. Kamera niliigusa kidogo sana na sikujuta.

Nilirudi Dar na mambo mawili: majina 11 daftarini, na lenzi inayolia krr krr kila nikiizungusha. Mchanga wa kusi ulipita hata kwenye kofia ya shangazi. Fundi wa Kariakoo akanitajia bei, nikasema asante nikaondoka. Mfukoni nilikuwa na nauli ya daladala tu. Nikajiambia boom likiingia nitasafisha picha na lenzi itatengenezwa, vyote.

Chuo kikafunguliwa. Boom likachelewa. Rumeti hakunidai hata siku moja. Ila akiongea na kwao kwa simu, akifika mahali anashusha sauti, anasema, "Bado, yumo mbioni," halafu anaangalia ukuta. Wiki tano za hivyo. Nilikuwa narudi rumu usiku ili nimkute amelala.

Boom lilipoingia, nikilipa madeni na msosi, ilibaki ya kitu kimoja. Lenzi au picha. Nilizunguka nayo siku tatu. Nikaenda Jangwani kwa bibi, nikamwonyesha picha kwenye kompyuta. Alikaa sana kwa mama mdogo na kisu chake. Akauliza, "Anaitwa nani?" Nikafungua daftari nikamsomea. Akasema, "Basi si unalijua jina." Hakuongeza kitu, akaenda kuswali.

Nikasafisha 11, saizi kubwa, karatasi nzito, nyuma ya kila moja nikaandika jina na mwaka. Bahasha ikasafiri kwa boti mpaka kwa mjomba Michenzani, ikapanda 309 mpaka Jambiani. Ijumaa iliyopita simu ya rumeti ikalia, akaniwekea spika. Ni mama mdogo, nyuma yake kelele za wanawake kama kuna harusi. Hakunishukuru kwanza. Alisema, "Wewe mtoto, mbona umenitoa mweusi hivi?" Nikaanza kujieleza habari ya stopu na mchanga, wakacheka hadi simu ikakata.

Alipopiga tena alisema picha ameiweka chumbani, juu, mbali na maji. Na kwamba mmoja wa wale wawili waliokataa sasa analalamika kwa nini yeye hana.

Lenzi bado inalia krr krr. Bamvua la likizo ijayo rumeti ameshanitafutia, na safari hii kadi nitanunua mbele ya shahidi. Haya, asubuhi nina testi na sijagusa hata ukurasa. Tuombeane, wadau.